Shati Ambalo Mume Wangu Hakulirudisha

Si kweli kwamba marehemu mume wangu alilipwa na askari wa kigeni ili aoshe damu ya binti wa watu. Nimelisikia neno hilo msibani, nimelisikia harusini, na mwezi uliopita nimelisikia kwa fundi cherehani, mtoto wa juzi ambaye mambo hayo yakitokea alikuwa hajazaliwa. Alikuwa akinipima mabega huku akinisimulia habari za mume wangu, bila kujua anamsimulia nani. Nilimwacha amalize, nikachukua kitambaa changu nikaondoka. Watu hupenda kusema lisemwalo lipo. Mimi nimefundisha shule miaka thelathini na mmoja, na nimesikia mengi yakisemwa darasani ambayo hayakuwepo. Kwa hiyo naandika mwenyewe, ili wajukuu wangu wasije wakafundishwa habari za ukoo wao na mafundi cherehani.

Mume wangu alikuwa dobi. Sitafuti neno lingine la kumpamba. Baba yake alikuwa dobi, na mahali pa kazi palikuwa pale pale nyumbani kwetu: uani mapipa manne ya maji, jiwe la kufulia lililolainika kwa miaka, na kamba kumi na mbili za kuanikia; upande wa barabarani, chumba cha pasi chenye meza ndefu iliyotandikwa blanketi. Alikuwa na pasi mbili za mkaa alizorithi na moja ya umeme aliyoidharau. "Hii haina adabu," alikuwa akisema. "Haikuonyi kabla ya kuunguza."

Aliponiposa, mjomba wangu aliuliza kama cheti changu cha ualimu nilikitafuta ili nikafungie nguo chafu za watu. Mama ndiye aliyemtazama mchumba wangu kuanzia kola hadi pindo la suruali, kisha akasema, "Huyu angalau hutamfulia." Mjomba alicheka bila kupenda, na ndoa ikafungwa.

Shule aliishia darasa la nne, lakini alikuwa na maandishi yake. Kila mteja alikuwa na alama ya uzi mwekundu iliyoshonwa ndani ya pindo la nguo, mahali ambapo mwenye nguo mwenyewe haangalii. Mishono miwili iliyolala na mmoja uliosimama alikuwa karani wa posta. Msalaba na nukta alikuwa daktari wa meno. Alama zote, mamia, alikuwa nazo kichwani, na hakuna mwingine aliyeweza kuzisoma, hata mimi. "Mwalimu," alikuwa akinitania, maana ndivyo alivyoniita hadi mwisho wa maisha yake, "wewe una herufi zako na mimi nina zangu. Zako watoto wanazisahau wakienda likizo. Zangu hazitoki hata kwa maji ya moto."

Katika kazi yake kulikuwa na mambo mawili ambayo hakuyajadili. La kwanza, nguo ya mtu ni amana: haivaliwi, haiazimwi, na lazima irudi kwa mwenyewe. La pili, damu haisubiri. Damu huingizwa kwenye maji baridi yenye chumvi papo hapo, kabla ya kuuliza ya nani, maana kila saa inayopita hushika zaidi. Mwenye bucha alimletea nguo kwa sababu hiyo, mkunga alimletea, na daktari wa meno pia. Mkono wake ukiona damu ulikwenda kwenye kopo la chumvi wenyewe, kama mkono wa mama unavyomdaka mtoto anayeanguka.

Kambi ya askari wa kigeni ilifunguliwa ng'ambo ya reli mwaka ambao mtoto wetu wa pili alianza shule. Tuliambiwa wamekuja kutulinda. Tunalindwa dhidi ya nini, hatukuambiwa. Tuliambiwa pia kwamba askari wao akikosa atahukumiwa na wao wenyewe, kwao. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, aliajiriwa kuendesha gari la maji pale kambini, naye akampelekea kaka yake kazi: nguo za kiraia za askari, zile wanazovaa wakitoka Jumamosi. Magunia yakawa yanakuja kila Jumatatu alfajiri. Nisiwe mnafiki. Kwa kazi hiyo tuliezeka upya chumba cha pasi, na baadhi ya waliokuja kutunyooshea vidole baadaye walikuwa wamekuja kwanza kuulizia kibarua.

Kisha lori la kambi likamwua fundi viatu kwenye njia panda. Dereva alirudishwa kwao baada ya siku tatu. Mwaka uliofuata askari mmoja alimvunja taya muuza magazeti, naye akapandishwa ndege. Mjini "kupanda ndege" ikawa maana yake kukosa na kuponyoka. Binti mmoja darasani kwangu alivunja kioo cha dirisha, nikamwita mbele. Akaniuliza, "Mwalimu, mimi ndege yangu inaondoka lini?" Darasa zima lilicheka. Nilimpa adhabu.

Jumatatu ninayoieleza, magunia yalifika saa kumi na mbili na nusu. Mume wangu aliyamwaga, akaanza kutenga: nyeupe huku, za rangi huku, za sufu kando. Alipofika kwenye shati jeupe lenye mistari ya buluu, aliona damu mikononi hadi kwenye viwiko, na nyingine kifuani. Akalitia kwenye maji ya chumvi. Mimi nilikuwa naondoka kwenda shule. Nilimwona amelizamisha kwa mikono miwili, na sikuuliza, kwa kuwa nilishamwona akifanya hivyo mara mia.

Saa tatu binti wa fundi saa alikutwa amekufa kwenye mtaro nyuma ya ukumbi wa dansi. Hakurudi nyumbani tangu Jumamosi jioni, na kwao walidhani amelala kwa shangazi yake. Alikuwa na miaka kumi na tisa, akiuza mikate karibu na stesheni. Nilimfundisha. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wangu, nami nilikuwa nimeshamwambia hivyo.

Mkuu wa shule alifunga shule saa tano. Nilifika nyumbani nikamkuta mume wangu amesimama uani, mikono imelowa, macho kwenye kamba.

"Wanasema alionekana na nani?" aliniuliza.

"Mhudumu wa ukumbi anasema alitoka na askari. Askari amevaa shati la mistari ya buluu."

Alielekeza kidevu kwenye kamba ya tatu.

Shati lilikuwa linapepea. Lilikuwa safi, jeupe pe, mistari imekolea. Nilikalia ndoo.

"Lilikuwa na nini?"

"Damu."

"Nawe ukaiosha?"

"Mimi ni dobi," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa kwa nini amepumua.

Saa saba redio ilisoma tangazo la mkuu wa kambi. Hakuna askari wake mwenye shati la namna hiyo, na mhudumu aliyesema hivyo ni mlevi. Kabla ya jioni mhudumu alikuwa ndani, polisi wakidai anaeneza uvumi. Hapo ndipo mji ulipolipuka. Matairi yaliwashwa kwenye reli, vioo vya stesheni vikavunjwa, na moshi ukaingia hadi kwenye nguo tulizokuwa tumeanika. Jumanne wakaanza kuwatafuta wale waliowaita wala makombo, yaani wote waliokuwa na kazi kambini. Duka la aliyewapelekea mboga lilibomolewa hadi fremu za milango. Kwenye ukuta wetu mtu aliandika kwa mkaa: KIKULACHO KI NGUONI MWAKO. Mume wangu aliniita nimsomee. Nilimsomea. Akasema, "Hapo wamenipata," akaenda kuchukua brashi.

Tulikaa ndani siku ile nzima. Kila nyayo za barabarani zilipopungua mwendo mbele ya mlango wetu, wote tulinyamaza, hata watoto, mpaka zilipoongeza mwendo tena. Jiwe moja lilianguka juu ya bati la chumba cha pasi, likabingirika taratibu hadi ukingoni. Tulilisikiliza likibingirika.

Jioni shemeji yangu aliingia kwa mlango wa nyuma, amevaa koti refu la mkewe na mtandio kichwani.

"Shemeji, umependeza," nilimwambia. Sijui maneno hayo yalitoka wapi.

"Usinichekeshe, shemeji. Nimepigiwa miluzi njia nzima." Alikaa, akavua mtandio. "Kaka, kesho saa nne wanakuja kuchukua magunia. Wape nguo zao. Zote."

"Na hilo shati la mistari?"

"Hilo ndilo wanalolitaka. Ukilirudisha, hukuliona, mimi sikuliona, basi. Si baba ndiye aliyetufundisha nguo ya mtu ni amana? Au amana inachagua mtu?"

Neno hilo lilimwingia mume wangu, niliona.

Na mimi sitajifanya nilikuwa shujaa. Nilimwambia alitie kwenye mkaa wa pasi, tumalize. Nilifikiria watoto, nilifikiria jina letu, nikasikia kabisa sauti ya mjomba wangu.

"Sijawahi kuunguza nguo ya mteja hata kwa bahati mbaya," alisema, "leo nianze kwa makusudi?"

"Basi utafanya nini?"

"Sijui. Nikilirudisha, halitaonekana tena, na mhudumu atafungwa. Nikilitoa, wataniuliza damu iko wapi. Nitawaambia nini, Mwalimu? Kwamba mkono ulitangulia kichwa?" Alilichukua shati akakunjua pindo, akanionyesha uzi mwekundu: mishono mitatu iliyosimama na nusu mshono. "Damu imeondoka. Kilichobaki ni hiki, na hiki kinasomwa na mtu mmoja."

Jumatano alfajiri alipiga pasi nguo zote za kambi. Alizipanga, akazifunga, kama wiki yoyote. Shati la mistari nililitia mimi kwenye mkoba wangu wa shule, katikati ya madaftari ya insha. Hakuniomba. Kabla ya hapo shemeji alikuwa ameshawachukua watoto kuwapeleka kwa mama yangu.

Saa nne kamili gari lilisimama. Walishuka wanne wenye bunduki na mkalimani wao, mtu wa makamo wa hapa hapa mjini, ambaye hakuniangalia usoni. Walihesabu, wakalinganisha na karatasi.

"Mzee, imepungua nguo moja," mkalimani alisema.

"Ndiyo."

"Shati."

"Ndiyo."

"Liko wapi?"

"Halijakauka."

Mkalimani alilitazama jua, akazitazama kamba kumi na mbili ambazo hazikuwa na hata leso. Kisha akamgeukia mkubwa wao akasema kwa lugha yao maneno mengi kuliko aliyoambiwa. Mkubwa yule alitazama saa, akajibu kwa kifupi.

"Watalifuata saa tisa," mkalimani alisema. Halafu akaongeza polepole, "Mzee, likauke lisikauke, saa tisa litakuwa limekauka. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Gari lilipoondoka mume wangu alinawa mikono, akajifuta, akanawa tena. Nadhani ndiyo mara pekee aliyomdanganya mteja.

"Nakwenda kwa fundi saa," alisema.

"Kwa nini si polisi?"

"Polisi wamemweka ndani aliyesema kweli. Acha nianze na mwenye msiba."

"Watakuua njiani."

"Huenda. Na hapa wanakuja saa tisa."

"Ngoja nivae viatu," nikamwambia.

Njia ilikuwa ya robo saa. Barabarani hapakuwa na gari wala duka lililo wazi, majivu tu na vioo vikilia chini ya soli. Kwenye kizuizi cha pili vijana walitusimamisha. Mmoja alikuwa na rungu.

"Mwalimu, unakwenda wapi?"

"Msibani."

"Na huyu mfulia wageni?"

"Huyu ni mume wangu. Na wewe insha yako ya mwisho hukuimaliza, ninayo humu kwenye mkoba. Tuisome hapa hapa?"

Wenzake walimcheka. Akatupisha. Nilibana mkoba kwapani mpaka mkono ukafa ganzi, maana insha yake haikuwepo na shati lilikuwepo.

Nyumba ya fundi saa ilikuwa imejaa, na uani kulikuwa na watu kama mia mbili. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kigoda chake cha kazi, chini ya saa za wateja zilizokuwa zikigonga kila moja wakati wake. Mume wangu alikataa kukaa.

"Pole, fundi."

"Asante."

"Nimekuletea kitu. Lakini kabla hujakitazama, nataka ujue nilichofanya." Akamweleza yote akiwa amesimama, bila kuficha na bila kujitetea. Akamaliza: "Damu ilikuwepo. Mimi ndiye niliyeitoa. Sikujua, lakini mimi ndiye niliyeitoa."

Nililitoa shati. Fundi saa alilipokea, akalishika kwa muda bila kulitazama. Kisha akavaa lenzi yake jichoni kama mtu anayeanza kazi, akageuza pindo.

"Mishono mitatu na nusu," alisema. "Ni nani?"

"Sajini. Yule mrefu mwenye kovu shingoni. Shati hili nimelifua mara sita."

"Utasema hivyo mbele ya mkubwa wa polisi?"

"Nitasema."

"Na la kuosha?"

"La kuosha nitalisema kwanza."

Waliosimama dirishani walikuwa wamesikia. Mmoja aligeuka akawaambia wa nyuma, "Dobi ndiye aliyeosha damu." Hao wakawaambia wengine. Kutoka dirishani hadi langoni ni hatua kama ishirini, na tulipofika langoni, tukitoka kwenda polisi, neno lilikuwa limeshakuwa "Dobi kalipwa aoshe damu." Nililisikia likizaliwa, kwa masikio yangu haya. Halikutoka kwa mtu aliyejua lolote. Lilitoka kwenye hatua ishirini.

Watu walitusonga. Mtu alimvuta mume wangu kola, jiwe likampasua juu ya sikio. Nilipiga kelele majina ya niliowafundisha, mmoja mmoja, kama ninayesoma mahudhurio, na baadhi yao waliinamisha vichwa. Lakini aliyemwokoa ni fundi saa. Alimshika mkono, akainua sauti ambayo sikujua kama anayo.

"Atakayempiga huyu amenipiga mimi. Na mimi nimeshapigwa vya kutosha."

Tulikwenda hivyo hadi kituo cha polisi: fundi saa na mume wangu wameshikana mikono, shati likiwa begani mwa baba wa marehemu, mimi nyuma yao, na nyuma yangu umati. Sikugeuka hata mara moja. Nilihesabu hatua tu, kwa sababu nilijua nikiacha kuhesabu nitakimbia.

Maelezo yaliandikwa kurasa mbili. Koplo alitaka kuyafungia kwenye droo ya meza. Nilisimama, nikasema hatutoki mpaka yasomwe kwa sauti dirishani, na kama yeye hawezi kusoma nitasoma mimi. Nilisoma mimi. Nilisoma la kuosha damu kama mume wangu alivyolisema, bila kulipunguza, kisha nikasoma la sajini. Watu wakaanza kuliimba jina la mhudumu, na jioni ile alitolewa.

Kesho yake redio ilisema kwamba "imebainika." Sajini naye alipanda ndege, lakini kwa pingu, na picha ikatoka gazetini. Tuliambiwa alifungwa huko kwao miaka mingi. Mingapi, hatukuambiwa. Vurugu ziliendelea wiki mbili, hadi serikali ilipokubali kuujadili upya ule mkataba wa askari kuhukumiwa kwao, na mwaka uliofuata kambi ilifungwa.

Ila siku ile ile, sisi tukiwa kituoni, kundi jingine lilifika nyumbani kwetu na kukichoma chumba cha pasi na kila kilichokuwamo. Gari la kambi lilikuja saa tisa kulifuata shati, likakuta moto, likageuza.

Mume wangu hakufungua tena. Alipiga pasi kwenye chumba cha dobi mwingine, mtu aliyekuwa mwanafunzi wake, na watoto wetu wote wawili walisoma mpaka wakachoka. Watu walipomtupia maneno hakuwajibu. Mara moja tu mlevi mmoja alimwuliza njiani alilipwa kiasi gani, naye akamwambia, "Lete hilo koti lako, linanuka, nitakufulia bure." Alifariki miaka kumi na mmoja iliyopita. Fundi saa alikuja kwa mkongojo. Nilimkalisha mbele, na familia.

Sasa wanangu wananiuliza waliochoma ni kina nani. Mtu wa gazeti naye aliwahi kuja kuuliza, na majirani huniuliza kwa mzunguko. Ndiyo, nawajua. Nilijua kabla moto haujazimika. Wako hai, wana wajukuu, na wengine wananiamkia kila asubuhi. Sitawataja. Msinitumie wajumbe, msinibembeleze. Ya mume wangu nimeyasema. Ya wengine sisemi.